Solex 34 PICT-3 ya Beetle: usianze na skrubu ya kipepeo

Kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ya Solex 34 PICT-3, iliyofungwa kwenye Volkswagen Beetle za injini ya 1600 kuanzia mwaka 1971, ina skrubu tatu za kurekebisha. Mbili zimekaa pamoja ubavuni kushoto: kubwa ni ya hewa, ndiyo inayopandisha na kushusha mzunguko wa injini, ndogo ni ya mchanganyiko wa petroli na hewa. Ya tatu inasukuma mkono wa kipepeo (kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa), na kwa kuwa inafikika kirahisi, mafundi wengi huanza nayo. Hapo ndipo mambo huharibika.

Kipepeo kikiinuliwa kupita kiasi hufunua tundu la vakyumu ya distribyuta (kigawa moto wa plagi) pamoja na matundu ya mpito, yaani yanayotoa petroli kipepeo kinapoanza kufunguka. Moto wa plagi unawahi, skrubu ya mchanganyiko haina nguvu tena, na ukikanyaga mafuta ili uondoke, gari linasita. Kisha lawama inakwenda kwa jeti, vitundu vinavyopima petroli.

Kabla ya kugusa kabureta, weka nafasi ya valvu 0.15 mm injini ikiwa baridi kabisa, nafasi ya pointi za distribyuta 0.4 mm, halafu tega moto kulingana na distribyuta uliyonayo. La sivyo utampa dawa asiyeumwa.

Ukiifungua, toa kwanza kila kitu cha mpira ndipo uiloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta. Jeti usizichokoe kwa waya. Tundu likipanuka kidogo tu, namba iliyochapwa juu yake haina maana tena. Tumia upepo wa kompresa. Boya litikise karibu na sikio: likiwa na petroli ndani, tupa. Kimo cha petroli hurekebishwa kwa washa iliyo chini ya valvu ya sindano. Washa nene hushusha kimo, nyembamba hupandisha. Kiwambo cha pampu ya kuongezea petroli badilisha hata kama kinaonekana kizima, maana mpira mkavu hautoi mchirizi wa kutosha. Skrubu ya mchanganyiko itazame nchani. Ikiwa na mkunjo wa duara, kuna mtu aliikaza kwa nguvu, na haitarekebishika hadi ubadilishe.

Shika shafti ya kipepeo uitikise. Ikicheza, hewa inaingia pembeni na sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitatulia kamwe. Kinacholika zaidi ni bodi, kwa kuwa madini yake ni laini kuliko shafti, hivyo dawa ni kwa mkerezaji kupanua tundu na kutia bushi. Vifaa vya ukarabati vya gasketi tupu haviponyi hili.

Sasa marekebisho. Pasha injini hadi choki (kizuia hewa cha kuwashia injini baridi) ifunguke yote, kisha izime. Legeza skrubu ya kipepeo mpaka iachane na ngazi za choki, irudishe hadi iguse tu, ongeza robo mzunguko, basi: usiiguse tena. Skrubu ndogo ifunge polepole hadi ikae, kisha uifungue mizunguko miwili na nusu. Washa injini, na kwa skrubu kubwa weka mizunguko 850 kwa dakika. Rudi kwenye ndogo, itafute sehemu ambapo injini inakimbia zaidi, halafu ifunge taratibu hadi mzunguko ushuke kwa 20 au 30. Malizia kwa skrubu kubwa, urudi 850.

Injini ikizimika kila uachiapo mafuta, kagua valvu ya umeme ya sailensi. Funguo ikiwa imewashwa, gusisha waya wake: usiposikia “tik”, ama umeme haufiki au valvu imekufa.

Gari lililotegwa Mombasa likipanda Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mchanganyiko unakuwa mzito, yaani petroli inazidi. Plagi zikiwa nyeusi kavu baada ya safari ndefu, jaribu jeti kuu ndogo kwa hatua moja. Mfano, kutoka 127.5 kwenda 125.

La mwisho lisiachwe: bomba la shaba linaloingiza petroli kwenye kifuniko limebanwa tu, halina nyuzi, na likichomoka petroli inamwagikia distribyuta. Beetle nyingi zimeungua hivyo. Lishike kwa vidole ulizungushe. Likisogea, litoe na ukatiwe lenye nyuzi. Chujio la petroli lisining'inizwe kwenye mpira ulio karibu nalo, kwa sababu uzito wake na mtikisiko ndio hulilegeza. Lifunge chini, kabla ya bomba la mafuta kuingia kwenye chumba cha injini.