Usipige filta kabla hujatafuta boti!!

Weee subiri kwanza, usibonyeze hiyo filta. Mtu anauliza atumie filta ya Lee ya pikseli 5 kwa 5 au Refined Lee ya 7 kwa 7 kutoa chenga (yale madoadoa ya rada, speckle) kwenye picha za rada za Sentinel-1, satelaiti za Ulaya, halafu ndo atafute boti zinazotembea mkondo wa Zanzibar, apate na kasi zake, alafu wote mliojibu hapo juu mnabishana filta ipi kali, hakuna hata mmoja anayemwambia kwamba hizo boti anaenda kuzifuta kwa mkono wake.

Sikiliza mkuu. Pikseli ya GRD, zile picha za Sentinel-1 zinazokuja zimeshaandaliwa, ni mita 10. Boti ya uvuvi ya mita 15 ni pikseli moja, zikizidi sana mbili. Tuseme hiyo moja inang'aa mara 20 ya maji yanayoizunguka, unaiona hata kwa macho. Pitisha sasa dirisha la wastani la 7 kwa 7, pikseli 49, moja ya boti na 48 za maji: 20 jumlisha 48 gawa kwa 49, unabaki na kama 1.4. Imeisha hiyo. Utaniambia Lee sio wastani tu, ina akili, ikikuta kitu kinang'aa kupita kiasi inakiacha. Kweli, inaacha meli ya makontena ambayo hata usingechuja ungeiona. Boti ndogo inayong'aa mara 3 au 4 ndo inahesabiwa chenga na kusawazishwa, na hiyo ndo unayoitafuta wewe!

Mimi hiki kitu kimenila malipo ya kazi nzima. Kuna bwana alitufundisha kwenye warsha, tena kwa kujiamini kabisa, eti rada popote hatua ya kwanza ni kuchuja, tukaandika kwenye madaftari, nikaenda kuchuja picha zote za mteja, nikampelekea ramani ya bahari tupu alfajiri ambayo wavuvi wenyewe wanasema walikuwa wamejaa huko. Hela ya mwisho sijaiona mpaka leo. Baadaye ndo najua kumbe yule bwana kazi yake ni mafuriko na mashamba ya mpunga, na huko kuchuja ni sawa kabisa, shamba ni eka na eka, unataka wastani wake. Boti sio shamba jamani! Ukifundisha watu sema unafundishia kazi gani, usiseme "popote", watu wanalipa ada na wanategemea hicho unachosema.

Tafuta KWANZA kwenye picha ambayo haijachujwa. Toa kelele za joto (hizo ni za mtambo wenyewe, sio chenga, na kwenye VH, yaani rada inatuma wimbi la wima na kupokea la ulalo, zinasumbua kweli), fanya kalibresheni (namba za picha ziwe nguvu halisi ya mwangwi), ziba nchi kavu, alafu weka kizingiti kinachopima kila pikseli dhidi ya bahari ya jirani yake. SNAP, ile programu ya bure ya kuchakata hizi picha, inayo tayari, inaitwa Ocean Object Detection, fungua uone hatua zake, hamna filta ya chenga humo. Kizingiti kinahitaji kujua bahari inarukaruka kiasi gani, ukishailainisha unakidanganya. Na siku ya upepo anza na VH, kwenye VV (wima kutuma, wima kupokea) mawimbi ya bahari yanang'aa mno.

Kasi sasa. Chombo kinachosogelea au kukimbia satelaiti kinachorwa pasipo pake, kila mita 1 kwa sekunde ni kama mita 110 za kuhama, ndo maana unaona meli imekaa pembeni ya mstari wa maji iliyouacha nyuma. Huo umbali ndo unakupa kasi, ila ile ya kusogelea au kukimbia satelaiti tu. Meli inayotoka bahari kuu kuingia Dar inahama sana, boti ya Dar kwenda Unguja inaenda karibu sambamba na njia ya satelaiti kwa hiyo haihami kivile. Ukitaka kuuona mstari vizuri chuja nakala, NAKALA, ile ya mwanzo isiguswe.

Na kama ushachuja zote, achana nazo, zipo bure kwenye tovuti ya Copernicus, mradi wa Ulaya wenye hizo satelaiti, shusha upya usiku bando likiwa rahisi.