Umestaafu? Rudi Hewani

Msomaji mmoja, mwalimu mstaafu wa Nyeri, ameniuliza kama redio ya ridhaa, yaani ya watu binafsi wanaowasiliana hewani kwa kujifurahisha, bado ipo. Zamani alikuwa nayo, akaiacha. Nilimjibu mwenyewe, lakini naona wenye swali hilo ni wengi, tena wa rika langu.

Ipo. Na nakuhakikishia ni tamu kuliko tulivyoiacha.

Mimi nilikuwa afisa wa redio melini. Zamu nzima sikio liko kwenye kilohezi 500, nikisikiliza kama kuna chombo kinachoomba msaada kwa Morse, herufi zile za nukta na vistari. Tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa usalama baharini, wa setilaiti na mitambo inayojipiga yenyewe, ukaanza kutumika kikamilifu, na watu wa Morse tukateremshwa. Bosi mmoja aliniambia ujuzi wangu umebaki wa makumbusho. Neno lile linaniuma hadi leo. Chuma changu cha kugongea Morse nikakifunga kwenye kitambaa, nikatafuta kazi ya nchi kavu. Miaka hiyo tuiache.

Nilipostaafu sikukimbilia kununua mtambo. Nilisikiliza kwanza, na wewe nakushauri hivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina redio ya mawimbi mafupi ambayo mtu yeyote huisikiliza kwa intaneti, bure, hata kwa simu. Ukishazoea, tafuta redio yako na uifungue kwenye megahezi 14.100. Hapo vituo 18 vya dunia nzima hupokezana: kila kimoja hupiga jina lake kwa Morse ndani ya sekunde 10, na zamu yao inazunguka kwa dakika tatu. Cha Kenya ni 5Z4B. Ukikipata cha Japani au cha Peru, basi njia ya kule iko wazi.

Mjini adui ni kelele za taa za LED na chaja rahisi. Zima meinswichi, sikiliza kwa betri, kisha washa kifaa kimoja kimoja hadi umkamate mwizi.

Antena isikutishe. Kwa mawimbi ya mita 20, yaani hayo ya megahezi 14, unahitaji waya wa mita 10 hivi, uliokatwa katikati, mita tano kila upande. Wangu unatoka paani hadi kwenye mwembe, mashariki kwa magharibi, kwa sababu waya hurusha zaidi ubavuni, na Ulaya tunaitazama kaskazini.

Jumamosi iliyopita, magharibi ikiingia, nikaita CQ, yaani wito kwa yeyote anayesikia. Akanijibu Mwitaliano, naye mstaafu, naye aliyekuwa afisa wa redio melini! Tuligonga hadi mawimbi yakafifia, na mkono wangu ulikuwa mwepesi kama wa kijana. Ningependa yule bosi asikie.

Wastaafu wenzangu, msikubali kuambiwa mmekwisha. Msikae barazani mkingoja simu za watoto. Mlichojifunza ujanani ni mali yenu. Kitoeni, kifutwe vumbi, kifanye kazi. Anza kwa kusikiliza. Ukichoka, sikiliza tena.

Kusikiliza tu si kurusha: kurusha kuna leseni, Kenya kwa Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania kwa mamlaka ya huko, TCRA. Mwalimu, kama ni Morse inayokuogopesha, mkutano wa kimataifa wa redio wa 2003 uliziachia nchi zenyewe ziamue kama zitaidai kwa anayeomba leseni. Unaweza kuanza kwa sauti. Ila ukitaka Morse, niite jioni karibu na megahezi 14.050, nami nitapunguza kasi hadi uzoee.