Maneno ya Parkinson tuliyojifunza kwenye daftari la vipimo

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini, na ugonjwa wake wa Parkinson, unaovuruga mwendo wa mwili, ulianza kujionyesha kwenye daftari la vipimo. Daftari hilo ninalo hadi leo. Kurasa za mwanzo tarakimu zake ni nene, zimejaa mstari: kifua 40, kiuno 34, bega 18. Kurasa za mwishoni mstari unaanza vizuri, halafu kila tarakimu ni ndogo kuliko iliyotangulia, mpaka urefu wa suruali huwezi kuusoma bila kusogea dirishani. Tulidhani ni macho. Akapimwa, akapewa miwani, na maandishi yakaendelea kupungua.

Miaka miwili baadaye daktari bingwa wa mishipa ya fahamu alimpa karatasi na kalamu, akamwambia aandike chochote. Akaitazama ile karatasi, akasema, "Hii tunaiita mikrografia." Maana yake ni maandishi yanayosinyaa, basi. Nikalikumbuka daftari, ukurasa kwa ukurasa. Tulikuwa na dalili mkononi muda wote ule, tukakosa wa kutuambia inaitwaje.

Naandika kwa ajili yako uliyetoka kliniki na karatasi yenye maneno ambayo hata kuyatamka ni kazi. Usihangaike kuyakariri. Chukua neno moja moja, mwombe daktari akuonyeshe liko wapi kwenye mwili wa mgonjwa wako. Mimi husema hivi hivi: "Daktari, naomba nionyeshe kwa Baba." Hakuna aliyewahi kunikatalia.

Kwa mfano ukakamavu wa misuli. Daktari alishika mkono wa Baba, akaukunja na kuukunjua taratibu kwenye kiwiko, kisha akaniachia nijaribu mwenyewe. Mkono ulikuwa haukunjuki kwa mtiririko mmoja. Ulikwenda, ukakwama, ukaenda tena, kama mnyororo wa baiskeli unaoruka meno. Miezi mingi tulikuwa tumemsugua dawa ya kuchua tukijua ni baridi yabisi ya bega.

Mtetemeko nao una namna yake. Mkono wa kulia wa Baba ulitetemeka ukiwa umetulia pajani, kidole gumba kikisuguana na cha shahada kama mtu anayevuta tasbihi. Akishika kitambaa, unatulia. Ndiyo sababu wateja wake hawakuona kitu kwa muda mrefu. Mtetemeko wa mapumziko, unaoanzia upande mmoja wa mwili na kuongezeka polepole, ni kitu tofauti na kiharusi, ambacho humwangusha mtu ghafla. Kuna majirani hadi leo wanasema Baba alipata kiharusi, nasi tunawarekebisha, maana matibabu yake ni mengine kabisa.

Bradikinesia ni neno refu la wepesi unaopotea. Daktari alimwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka. Alianza vizuri, baada ya mara kumi vidole vikawa havifunguki tena. Mama alikuwa akimlalamikia kwamba anamaliza nusu saa kufunga vifungo vya shati. Siku ile alinyamaza njia nzima ya kurudi nyumbani.

Lililoniuma zaidi ni hipomimia. Misuli ya uso inakuwa mizito, tabasamu halifiki juu, kope hazipepesi kama zamani. Wajukuu walikuwa wameanza kumkwepa, wakisema babu amenuna. Niliwaita wote, nikawaeleza kwamba babu anafurahi vilevile, ila uso wake umechelewa. Mdogo kabisa alimwuliza, "Babu, sasa hivi umefurahi?" Baba akasema ndiyo, kwa ile sauti yake iliyokwisha kuwa ndogo. Tangu hapo wanamwuliza, na yeye anawajibu.

Kwenye faili lake palikuwa na neno idiopathiki, na hilo lilitusumbua ukoo mzima. Maana yake ni kwamba chanzo hakijajulikana. Baadhi ya ndugu walipolisikia hivyo wakashika lao: ametupiwa kitu. Nakushauri hapo usiishie kwenye kisichojulikana, waeleze kinachojulikana. Ndani kabisa ya ubongo kuna chembe hai zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, inayosaidia mwili kuanza na kuendesha mwendo. Chembe hizo zinakufa kidogokidogo, na dalili zinapoonekana nyingi zimekwisha kwenda. Ugonjwa huu daktari wa London, James Parkinson, aliuelezea mwaka 1817. Haukuanzia mtaani kwetu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipowatafuta wagonjwa vijijini, wengi wa waliowapata walikuwa hawajawahi kuambiwa jina la ugonjwa wao.

Kwenye dawa, neno moja baya linaweza kumwumiza mtu. Baba anatumia vidonge vya levodopa na kabidopa. Levodopa ikifika kwenye ubongo inageuka dopamini. Kabidopa inailinda isigeuke njiani kabla ya kufika, na hivyo kupunguza kichefuchefu. Tarakimu za kwenye boksi zina maana: 25/100 ni kabidopa miligramu 25 na levodopa miligramu 100. Duka moja la dawa lilitupa 25/250 likisema "ni ileile". Dawa ni ileile kweli, lakini levodopa ni mara mbili na nusu. Soma tarakimu zote mbili kabla ya kuondoka dirishani.

Mwaka wa nne wa dawa, Baba alianza kuyumba. Bega linapanda na kushuka, shingo inajipinda, mguu unatambaa wenyewe sakafuni, kama mtu anayecheza ngoma ambayo wengine hatuisikii. Nilimpeleka kituo cha afya kilicho karibu, nikasema, "Siku hizi anatetemeka sana." Aliyekuwa zamu akafanya kile ambacho maneno yangu yalimwelekeza: akaongeza dozi. Wiki ile ile Baba alirushwa kutoka kwenye kiti, akapasuka juu ya jicho.

Bingwa wake alipoona video niliyochukua kwa simu alitikisa kichwa. Ile haikuwa mtetemeko. Ilikuwa diskinesia, mwili kuchezacheza bila kutaka, ambayo kwa Baba ilikuja wakati dawa imepanda mno mwilini. Mtetemeko wake unakuja dawa inapopungua. Kwa hiyo dozi ikagawanywa, kidogo kidogo na mara nyingi zaidi kwa siku, na ule mchezo ukapoa. Mimi ndiye niliyetoa neno lisilo sahihi, na bado linanikaa moyoni. Kwa hiyo nakuomba: usiseme "anatetemeka" mpaka uwe na hakika. Sema unachokiona. Ni mkono unaopiga kwa mdundo mmoja ukiwa umetulia, au ni kiwiliwili kinachojinyonga huku na huku? Kilianza muda gani baada ya kidonge? Na piga video.

Madaktari wanasema "oni" na "ofu" kwa vipindi ambavyo dawa inafanya kazi na vipindi imeisha. Sisi nyumbani tunasema Baba kawaka, Baba kazima. Lugha yetu hiyo daktari naye ameizoea, anatuuliza, "Anazima saa ngapi?"

Chakula kinaingia hapa. Vyakula vya protini hugombania njia na levodopa. Baba alikuwa akimeza kidonge pamoja na maharage ya nazi ya asubuhi, kisha tunashangaa hawaki. Sasa anameza nusu saa kabla ya kula. Choo kigumu, kupoteza harufu, kupigana usingizini, kizunguzungu akiinuka, vyote hivyo vinaweza kuwa sehemu ya ugonjwa, vitaje kliniki hata kama hujaulizwa.

Kuhusu upupu: ndugu yetu alileta unga wa mbegu zake, akisema una dawa ileile ya Baba. Ni kweli upupu una levodopa ndani yake, hakudanganya. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua kijiko kimoja kina kiasi gani, na Baba tayari anameza iliyopimwa. Tulimwambia daktari, tukauweka pembeni.

Na andika karatasi ndogo ikae kwenye pochi ya mgonjwa: ana Parkinson, dawa zake ni hizi, saa zake ni hizi, zisikatwe ghafla. Chini yake andika kwamba metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, zinaweza kumzidishia hali, kwa kuwa zinaizuia dopamini. Akilazwa usiku na daktari asiyemjua, karatasi hiyo itasema kwa niaba yake.

Kumbukumbu zetu tunaziandika kwenye daftari lile lile la vipimo, kurasa zilizobaki. Saa 1:00 kidonge. Saa 1:50 kawaka. Saa 3:10 bega la kulia linacheza. Saa 4:30 kazima, amekwama mlangoni. Akiwa amewaka vizuri, kalamu anaishika mwenyewe, na tarakimu zake siku hizo nazisoma bila kwenda dirishani.