Woody Van Dyke, mwongozaji asiyependa kurudia

Wiki iliyopita nilimtaja W. S. "Woody" Van Dyke, mwongozaji wa filamu wa Hollywood ya zamani. Maswali yenu yamemiminika.

Alianzia wapi?
Alizaliwa San Diego mwaka 1889. Mama yake alikuwa mwigizaji wa jukwaani, naye akakulia humo humo. Mwaka 1916 alikuwa miongoni mwa wasaidizi wa mwongozaji D. W. Griffith katika filamu ya Intolerance, na mwaka uliofuata akaanza kuongoza mwenyewe. Akapiga filamu nyingi za kaboi, za bajeti finyu.

Ni kweli alipiga kila tukio mara moja tu?
Karibu. Likikaa sawa, anahamia jingine. Filamu ya The Thin Man (1934) ilipigwa kwa siku zisizofika 20. Wapo waliomwona analipua kazi. Sikubaliani nao: utani wa waigizaji William Powell na Myrna Loy mle ndani, ungerudiwa mara kumi ungechacha.

Eti alifika huku kwetu?
Alifika. Mwaka 1929 kampuni ya filamu ya MGM ilimtuma kupiga filamu ya Trader Horn, wakazunguka Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo; maporomoko ya Murchison yanaonekana. Haraka yake ilikwama huku. Teknolojia ya sauti ilikuwa changa, vifaa vizito, joto na malaria juu. Matukio kadhaa yalirudiwa Marekani, mengine ya wanyama yakapigwa Mexico. Mwigizaji Edwina Booth aliugua muda mrefu na kuishtaki kampuni. Wakamalizana nje ya mahakama. Filamu ilitoka 1931 na kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Lakini mtazameni Mutia Omoolu, Mwafrika aliyepatikana huku na kupelekwa hadi Hollywood kumalizia kazi: kwangu anawafunika wazungu wote, ingawa alipewa nafasi ya mbeba bunduki. Wenyeji wengine wanaonyeshwa kama washenzi tu, na hilo halina utetezi.

Alishinda Oscar?
Hapana. Aliteuliwa mara mbili, kwa The Thin Man na San Francisco (1936). Alifariki 1943.

Na ile filamu ya Tarzan aliyoigiza Johnny Weissmuller?
Ni yake pia, ya 1932. Picha zilizobaki za Trader Horn zilitumika humo, kwa hiyo Afrika mnayoiona nyuma ya Tarzan ni ya kweli kwa kiasi. Tembo, hapana. Ni wa Kiasia, wamebandikwa masikio makubwa.