Umri utoshe

Wiki hii mmeuliza: kama serikali ingebadili jambo moja tu kwa ajili ya wazee, iwe lipi? Jibu langu: iache kuwapima umaskini. Mtu akifika umri uliowekwa kisheria alipwe pensheni ya kila mwezi, awe nacho asiwe nacho.

Najua nitaulizwa kwa nini fedha ya umma imfuate hata tajiri. Imfuate tu, si analipa kodi? Hazina ina njia za kuichukua tena. Anayeniuma mimi ni bibi anayekatwa kwenye orodha kwa kuwa ana mtoto mwenye ajira, kana kwamba kuzaa ni sawa na kutumiwa hela. Na wanaoamua nani maskini mara nyingi ni majirani zake, watu anaogombana nao mpaka wa shamba.

Masharti ya namna hii yana historia ndefu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1908 iliwapa wenye miaka 70 pensheni isiyozidi shilingi 5 kwa wiki, ila kipato kilipimwa, na aliyeonekana kukwepa kazi maishani mwake alinyimwa. Zanzibar walipoanza kulipa pensheni jamii mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi, waliangalia miaka 70 na ukaazi. Kiasi kilikuwa kidogo, nakubali, lakini hakuna aliyetakiwa kujieleza ana ng'ombe wangapi.

Sasa, umri nao una vita yake. Wazee wengi walizaliwa mahali ambapo hakuna aliyeandikisha vizazi, halafu leo wanadaiwa cheti. Hapo kiapo na ushahidi wa wanarika wake vikubaliwe. Kisha kuna alama za vidole. Mtu aliyeshika jembe maisha yake yote vidole vimelika, mashine haioni kitu. Anaambiwa afute mkono, apake mafuta, ajaribu kidole kingine, mwishowe aje kesho. Nauli ya kesho nani anatoa, hakuna anayesema, na mwingine wa kuletwa mgongoni na mjukuu harudi tena.

Kwa hiyo kwenye sheria hiyo ningetaka kiwekwe kifungu kimoja cha ziada: mashine ikikataa, mzee alipwe siku ile ile kwa kitambulisho na shahidi mmoja, na ofisi ndiyo ibaki kuhangaika na mashine yake.