Unaenda Kusaidia? Nani Kakuita?

Wiki hii nimechukua maswali manne, yote ya safari za misaada.

Nina likizo ya wiki mbili na nataka kujitolea kwenye kituo cha yatima nje ya nchi. Sijasomea malezi, ila nawapenda watoto mno. Inatosha?

Haitoshi. Mtoto anakuzoea, anakung'ang'ania, kisha unapanda ndege na anakuja mgeni mwingine. Vipeperushi pia havisemi kwamba watoto wengi wanaoitwa yatima wana mzazi aliye hai, na kwamba pale wageni wanapolipa, vipo vituo vinavyosaka watoto ili wageni wasikose wa kumbeba. Mwaka 2019 suala hili lilifika hadi Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Nauli yako ipeleke kwa mradi unaosaidia wazazi wakae na watoto wao.

Kikundi chetu kimechanga pesa za kisima, na tunataka twende tukachimbe wenyewe. Unatushauri nini?

Kuchimba waachieni wenyeji. Mikono wanayo, na ujira huo wanauhitaji. Mimi nina wasiwasi na pampu. Ndani ya pampu ya mkono, kwenye pistoni, mna mpira mdogo unaovuta maji. Ukilika, mtu atapampu mpaka jasho limtoke na ndoo ibaki tupu. Mpira wenyewe si ghali, lakini kama hauuzwi karibu, au hakuna fundi wa kuvuta mabomba, kisima ndiyo kimekufa na watu wanarudi mtoni. Kwa hiyo ulizeni kwanza: kamati ya maji ipo? Pesa ya matengenezo anashika nani? Spea zinatoka wapi?

Na maji yapimwe. Bangladesh ilichimbiwa visima vingi tangu miaka ya 1970 ili watu waepukane na magonjwa ya kuhara. Miaka ya 1990 ikagundulika kwamba vingi vina aseniki, ambayo ni sumu, na watu walikuwa wameshayanywa maji yake miaka na miaka.

Naweza kubeba dawa kwenye begi nikawagawie?

Hapana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada iwe imeombwa, ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, na maandishi yake yasomeke na wahudumu wa huko. Vidonge vilivyobaki kabatini kwako vinakwama kwenye sharti la kwanza tu, na kazi ya kuviteketeza unawaachia wao.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Hospitali ya huko yenyewe imeniandikia barua kuniomba. Nisiende?

Wewe nenda! Ila leseni ya kwenu haikuruhusu kumgusa mgonjwa kwao, kwa hiyo omba kibali mapema. Omba pia upangwe zamu na muuguzi mwenyeji, usifanye kazi peke yako. Kama nchi hiyo inadai chanjo ya homa ya manjano, choma angalau siku 10 kabla ya kufika. Cheti chake ni cha maisha. Kiweke pamoja na pasipoti, usikitie kwenye mzigo mkubwa.