Maswali yenu: boti ya stepu hailali kama boti nyingine

Maswali ya lifti, ule mtambo wa kuinua boti toka majini ikalala juu ya mbao, yamejaa, na zaidi ya nusu ni lile lile moja limebadilishwa nguo tu. Nimechagua machache, mengi ya boti za stepu, yaani zenye tumbo lililokatwa ngazi kwa chini. Na nyie mnaotuma picha ya boti imepigwa kwa juu, viti vinang'aa, mnauliza "fundi hapo iko sawa?", siwajibu. Mimi naangalia tumbo, viti havinihusu.

Shikamoo fundi. Boti yangu ni futi 28 ina stepu mbili. Mbao za kulalia niziache umbali gani toka katikati?

Marahaba. Futi 28 hainiambii kitu, na nimeshasema hivi mara ngapi sijui. Mbao zinafuata stringa, zile boriti za ndani zinazotoka tezi kwenda omo, na kila kiwanda kinaziweka kinapotaka chenyewe. Faiba iliyo katikati ya stringa na stringa ni ngozi tu, ibebeshe boti nzima siku nyingi itabonyea. Waandikie waliotengeneza uwape namba ya boti wakutumie mchoro. Wakichelewa fungua vifuniko vya sakafu upime toka mstari wa mkuku kwenda stringa, kisha toka nje ugonge na nyundo ya mpira, penye boriti mlio unakuwa mzito, pasipo na boriti panalia kama debe tupu. Weka alama ya chaki hapo. Ukishakuwa na huo mstari ndo tuongee habari za stepu, kabla ya hapo tunabahatisha.

Nimeweka mbao mbili ndefu zimenyooka, boti imekaa vizuri wala haitikisiki. Jirani anasema nitavunja stepu. Ananitisha au?

Hakutishi, mpe soda.

Tumbo la stepu sehemu ya mbele iko chini, ukifika kwenye stepu linakatika ghafla kwenda juu, sentimita kadhaa inategemea boti, halafu linaendelea mpaka kwenye transomu, ule ukuta wa nyuma kabisa wa boti. Ndo hapo hewa inapoingia kwa pembeni boti ikikimbia, maji yanaachia tumbo, mnapata ile spidi mnayojisifia. Sasa laza tumbo hilo juu ya ubao ulionyooka. Ama mbele inalala vizuri na nyuma yote inaning'inia, na nyuma ndo kuna mashine. Ama boti inainamia nyuma mpaka transomu inagusa, na hapo uzito wote umekaa kwenye ncha ya stepu na ncha ya transomu basi. Haitikisiki, sawa, hata stuli ya miguu mitatu haitikisiki.

Niliwahi kuitwa kuangalia moja ya hivyo, mwenyewe alidhani shida ni propela. Nikapitisha kucha kwenye ukingo wa stepu ikakwama. Ufa mwembamba kama unywele, urefu wa kiganja, uko pale pale juu ya ubao na upande wa pili vile vile. Nikaufuta na kitambaa ukakauka, tukakaa kidogo, ule mstari ukarudi kulowa wenyewe. Maana yake maji yalishaingia ndani ya faiba, na hiyo sio kazi ya kupaka rangi ukaondoka.

Jipime mwenyewe leo. Boti ikiwa juu ya lifti chukua ukanda wa karatasi, uupitishe kati ya ubao na tumbo kuanzia nyuma kwenda mbele. Panapopita bila kukwama hapabebi kitu. Wengi mtashangaa karatasi inapita mita nzima.

Nimeelewa straiti haifai. Sasa nafanyaje, nikate ubao au nijazie?

Hili ndo swali. Njia zote mbili zinafanya kazi. Unaweza kutumia ubao mmoja mrefu ukafunga kipande cha kujazia juu yake nyuma ya stepu, unene sawa na kimo cha stepu, au ukagawa mbao mbili, ya nyuma imeinuliwa kwenye breketi zake. Ya pili naipenda zaidi kwa sababu tumbo la nyuma mara nyingine lina mwinamo wake kidogo, na breketi unazirekebisha moja moja. Ila kila kipande kikae juu ya boriti mbili za lifti, sio kimoja kinaning'inia kama ubao wa kurukia majini.

Kimo cha stepu kipime pale pale kwenye mstari wa stringa. Usipime pembeni ya boti ukadhani ni sawa, stepu nyingi zinabadilika kimo zikielekea nje, na nyingi hazijakatwa moja kwa moja, zimelala kwa pembe, kwa hiyo na ubao wako ukatwe mwisho kwa pembe hiyo hiyo. Mimi huacha vidole vinne mbele ya ukingo na vidole vinne nyuma yake, ukingo wenyewe usiguse kitu chochote. Halafu nyuma ubao ufike mpaka chini ya transomu kabisa, usiishie njiani, mashine mbili zinazoning'inia nyuma ya ubao zinaweza kupinda tumbo polepole na hutajua mpaka boti ianze kuinamisha pua ikikimbia.

Ubao usimame wima, usilale. Ukiongeza kimo mara mbili ugumu wa kutopinda unapanda mara 8, kwa hiyo mbao ya inchi 2 kwa 8 iliyosimama huwezi kuilinganisha na iliyolala.

Na hapa ndo wanapoharibu: ukishainua kipande cha nyuma, boti ikiingia ile sehemu ya mbele ya tumbo ambayo iko chini inapita juu yake. Shusha lifti zaidi ya ulivyozoea, la sivyo unakikwangua kila siku. Na uweke kizuizi cha pua na nguzo za pembeni ili boti isimame sehemu ile ile kila mara. Ikirudi nyuma kidogo tu ukapandisha, ule ujazio uliohangaika nao unakuwa ndo unaoubonyeza ukingo wa stepu. Funga kamba kwanza, pandisha mpaka iguse, simamisha, angalia, endelea.

Nyuma ya stepu naweza kujazia sponji la godoro?

Hapana. Tumia mbao ngumu au ile plastiki nzito kama ya ubao wa kukatia nyama.

Lifti yangu ni ya mikanda, hainihusu si ndio?

Inakuhusu sana. Mkanda ukikaa kwenye stepu unabana ukingo kutoka chini na ile njia ya hewa kutoka pembeni. Boti nyingi zina alama za mikanda ubavuni, zifuate, na mkanda wa nyuma uwe mbali na shafti ya propela na sonda ya kupimia kina. Kama alama zimefutika waulize waliotengeneza, usiulize kundi la marafiki.

Kapeti au plastiki juu ya mbao?

Boti ikikaa juu wiki nzima, plastiki. Kapeti inashika maji na mchanga, mchanga unakwangua, na unyevu usiokauka unaiotesha jelkoti, ile ngozi ya nje inayong'aa ya faiba, malengelenge. Ila plastiki inateleza, kwa hiyo usijidanganye kuacha kamba.

Mbao za dawa kwenye lifti ya alumini ni sawa?

Sio zikigusana moja kwa moja. Dawa nyingi za mbao zina shaba, na shaba na alumini kwenye maji chumvi hawakai nyumba moja, alumini inaliwa. Weka kipande cha plastiki katikati na bolti za chuma kisichoshika kutu.

Lifti imeandikwa inabeba tani 4 na boti yangu kavu ni tani 3.4, nipo salama?

Kavu. Ongeza mashine kama hazijahesabiwa, betri, nanga, na mafuta, lita 600 za petroli peke yake ni kama kilo 450. Hujafika baharini ushamaliza nafasi yako. Na ukishapandisha chomoa plagi ya kutolea maji, kila siku, kwa sababu mvua ikijaza boti kila mita moja ya ujazo ni tani nzima, na zile mbao ulizozipima kwa chaki hazikupimiwa hiyo.

Plagi nikisahau kuirudisha?

Ifunge kwenye funguo ya kuwashia.